Mfuko wa hatifungani za serikali au mfuko wa hisa za ukuaji: tulivyoilinganisha mezani kwangu

Mpwa wangu ana miaka 27, ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee hapa Columbus, Ohio. Mwezi uliopita kazini kwake walimpa karatasi ya akiba ya uzeeni, ile 401(k), wakamwambia achague mfuko. Akaipiga picha, akanitumia, na chini yake maneno matatu: "Mjomba, niweke wapi?"

Orodha ilikuwa na mifuko kumi na tisa. Mingi alishaikata mwenyewe kwa kalamu kwa sababu hakuelewa majina yake, na sikumlaumu. Ilibaki miwili iliyokuwa inamvuta: mmoja wa hatifungani za serikali ya Marekani, mwingine wa hisa za kampuni zinazokua. Wa kwanza aliupendea neno "serikali". Wa pili aliupendea safu ya faida ya miaka kumi, ambayo kweli ilikuwa inang'aa.

Sababu zote mbili ni mbovu. Najua kwa sababu mimi mwenyewe nimezitumia zote, kila moja kwa wakati wake, na moja ilinitia hasara nitakayoisimulia. Basi nikamwambia aje Jumamosi na kompyuta yake. Nikapika chai ya tangawizi. Akaja pia jirani yangu, mzee wa Bukavu mwenye miaka 61, tunayefanya naye kazi ghala moja, kwa kuwa naye ana mifuko ya aina hizohizo mbili na alikuwa anataka kusogeza pesa. Ninayoandika hapa ndiyo tuliyoyafanya siku hiyo. Mimi si mshauri mwenye leseni. Ni mpakua makontena anayezisoma karatasi mpaka ukurasa wa mwisho.

Mfuko wa hatifungani si hatifungani

Hatifungani ni deni: serikali imekopa kwako, inakulipa riba kila miezi sita, na siku ya mwisho inakurudishia mtaji. Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni, na hisa za ukuaji ni za kampuni ambazo wanunuzi wanaamini faida yao itapanda haraka, kwa hiyo wanakubali kuzilipia bei kubwa leo kwa ajili ya faida ambayo bado haijaja. Gawio lake ni dogo, pengine hakuna kabisa. Hapo wengi tunaelewa.

Tunapojikwaa ni hapa. Ukinunua hatifungani moja ya dola 1,000 ya miaka 10 na ukaikalia mpaka mwisho, utarudishiwa dola 1,000 zako, hata kama bei yake sokoni ilipanda na kushuka mara mia njiani. Mfuko hauna siku ya mwisho. Ndani yake mna hatifungani chungu nzima. Zinazokaribia kuiva zinatoka, mpya zinaingia, na mfuko unaendelea na safari. Serikali imeuahidi mfuko riba na mtaji. Wewe mwenye vipande, yaani sehemu za mfuko unazonunua, hukuahidiwa na mtu yeyote kwamba kipande ulichonunua kwa dola 60 utakiuza kwa dola 60.

Mpwa wangu akauliza, "Kwa hiyo serikali si salama?" Salama katika kulipa deni, ndiyo. Bei ya kipande chako ni jambo jingine.

Dyuresheni, neno lililonichukulia dola 9,000

Desemba 2021 nilikuwa na dola 31,000 katika akaunti yangu, karibu zote kwenye hisa za ukuaji zilizokuwa zimepanda miaka mitatu mfululizo. Nikaogopa. Nikajiambia, kilichopanda hivi kitaanguka, nihamie kwa serikali. Kwenye orodha ya kazini kulikuwa na mifuko miwili ya hatifungani za serikali, nikachukua ule wenye faida kubwa zaidi katika miaka iliyopita. Ulikuwa wa hatifungani za muda mrefu, za miaka ishirini na thelathini. Jina lilikuwa na neno "hazina", likanitosha.

Mwaka 2022 mifuko ya namna hiyo ilishuka kwa karibu asilimia 30. Mwisho wa mwaka, ukiondoa michango niliyoendelea kuweka kila wiki mbili, dola zangu 31,000 zilikuwa kama 22,000. Nilikimbia simba nikaingia kwa chui. Kwenye hofu ya hisa nilikuwa sahihi, maana nazo zilianguka vibaya mwaka huohuo. Kosa langu lilikuwa kutosoma nambari moja tu.

Nambari hiyo inaitwa dyuresheni. Kwenye karatasi ya mfuko utaikuta kwa Kiingereza, na matamshi yake hayako mbali na nilivyoandika. Huhesabiwa kwa miaka, nayo inakuambia mfuko unatikisika kiasi gani riba za soko zikibadilika. Hesabu yake ya haraka: riba ikipanda kwa asilimia moja, bei ya kipande hushuka kwa asilimia inayokaribia dyuresheni. Dyuresheni ya 5, unapoteza karibu asilimia 5. Riba ikishuka, unapata kwa kipimo hichohicho.

Kwa nini? Mwanzoni mwa 2022 hatifungani ya Marekani ya miaka 10 ilikuwa inalipa karibu asilimia 1.5 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka mpya zilikuwa zinalipa karibu 3.9. Jiweke sokoni na karatasi yako inayotoa dola 15 kwa mwaka, na pembeni yako kuna mtu anauza inayotoa dola 39. Nani atakupa 1,000 kwa hiyo yako? Utapunguza bei mpaka mnunuzi aone zinalingana. Na karatasi ikiwa imebakiza miaka mingi, pengo hilo linajirudia miaka mingi, kwa hiyo punguzo ni kubwa zaidi.

Sasa tazama mifuko mitatu ya Marekani, yote yenye sifa ya serikali, kwa mwaka huohuo wa 2022. Wa muda mfupi, hatifungani za mwaka mmoja hadi mitatu, dyuresheni chini kidogo ya 2: ulishuka karibu asilimia 4. Wa muda wa kati, dyuresheni karibu 5: ulishuka kati ya asilimia 10 na 11. Wa muda mrefu, ambao wakati ule dyuresheni yake ilikuwa kama 17: karibu 30. Riba za miaka 30 zilipanda kutoka karibu 1.9 hadi karibu 4. Zidisha 17 kwa 2 upate 34; hesabu ya haraka hutia chumvi kidogo mabadiliko yakiwa makubwa, na riba inayolipwa njiani hupunguza hasara. Lakini ona ilivyonisogeza karibu na ukweli. Ningefanya kuzidisha huko Desemba 2021 kwa kalamu nyuma ya risiti, ningelala usingizi mwaka mzima.

Kwa hiyo kazi ya kwanza tuliyofanya mezani ilikuwa kutafuta dyuresheni ya mfuko wa hatifungani ulio kwenye orodha ya mpwa wangu. Ilikuwa 5 na ushei. Nikaandika kwa wino mwekundu. Halafu nikampa kanuni ninayoitumia mwenyewe: dyuresheni isizidi miaka iliyobaki kabla hujahitaji pesa. Ukiwa na miaka mitano mbele na dyuresheni ya 5, riba zikipanda kipande chako kitashuka, lakini hatifungani mpya zinazoingia kwenye mfuko zitakuwa zinalipa zaidi, na katika muda huo hasara hufidiwa kwa sehemu kubwa. Ukihitaji pesa mwakani, hiyo nafasi huna.

Upande wa hisa hakuna nambari kama hiyo

Hapa ndipo watu wanapodanganywa na safu ya miaka kumi. Mpwa wangu alikuwa na namba mbili za faida kwenye karatasi, moja ndogo ya hatifungani, moja kubwa ya hisa, na akaona mjadala umekwisha.

Nikamwambia afungue ukurasa wa faida ya mwaka mmoja mmoja. Chukua mfuko mkubwa unaofahamika, Vanguard Growth Index. Mwaka 2022 ulishuka karibu asilimia 33. Mwaka 2023 ukapanda karibu asilimia 47. Mzee wa Bukavu akasema, "Basi walirudi, na faida juu." Nikampa kikokotoo. Dola 100 ukitoa 33 zinabaki 67. Asilimia 47 ya 67 ni 31 na nusu. Jumla 98 na nusu. Baada ya mwaka mbaya mmoja na mwaka wa maajabu mmoja, bado hujafika ulipoanzia. Mzee alirudia hesabu mara mbili, akidhani kikokotoo kina hitilafu.

Na hiyo ni ya juzi. Tarehe 10 Machi 2000 kipimo cha Nasdaq, yaani namba inayojumlisha bei za hisa za soko hilo la Marekani, lenye kampuni zinazofanana sana na hizi za ukuaji, kilifunga kwenye 5,048. Tarehe 9 Oktoba 2002 kilikuwa 1,114. Kilirudi pale pa kwanza mwaka 2015. Aliyeweka akiba yake yote siku ile ya Machi akiwa na miaka 50 aliifikia 65 akiitazama namba ileile. Aliyekuwa anaweka kidogo kidogo kila mshahara alinunua vipande vingi kwa bei ya kutupwa, kwa hiyo hali yake ilikuwa tofauti kabisa. Mpwa wangu ni wa kundi hili la pili. Mzee ni wa lile la kwanza.

Angalia pia orodha ya kampuni kubwa ndani ya mfuko. Jina linasema mfuko, na ndani kweli kuna kampuni zaidi ya mia, lakini katika miaka hii Apple, Microsoft na Nvidia pekee zimekuwa zikibeba karibu theluthi ya mfuko mzima. Mtu anayedhani ametawanya mayai yake ajue theluthi yake iko kwenye vikapu vitatu. Mimi binafsi ningependa mfuko wa soko zima, unaobeba kampuni za kila aina, kuliko wa ukuaji peke yake. Mwaka ule ukuaji uliposhuka 33, kipimo cha S&P 500, cha kampuni kubwa za Marekani za kila aina, kilishuka 18. Nilimwambia mpwa. Alisikiliza kwa adabu, kisha akarudi kwenye ule wake.

Usizilinganishe kwa wastani, zilinganishe kwa mwaka mbaya

Tulichora safu mbili kwenye karatasi. Juu ya kila safu tukaandika dola 10,000, kwa sababu asilimia hazimuumi mtu na dola zinamuuma. Mwaka 2022 kwa mfuko wa serikali wa muda wa kati: 10,000 inakuwa kama 8,950. Kwa mfuko wa ukuaji: 6,700. Nusu kwa nusu: kama 7,825. Nikamuuliza mpwa, ukifungua simu Jumatatu asubuhi ukakuta 6,700, utafanya nini? Akasema hatafanya kitu. Nikamuuliza tena, na wiki hiyohiyo mama amekupigia kutoka Tanga, paa la nyumba limeng'oka? Akanyamaza kidogo.

Hilo ndilo swali, na halihusu mfuko. Pesa ya paa, ya nauli ya msiba, ya kodi ya nyumba ukipoteza kazi, isikae kwenye mfuko wowote kati ya hii miwili. Na ndani ya 401(k) kuitoa kabla ya miaka 59 na nusu kwa kawaida kunakutoza adhabu ya asilimia 10 juu ya kodi ya mapato, ukiacha misamaha michache. Tulikubaliana aweke kwanza mishahara ya miezi mitatu kwenye akaunti ya kawaida ya benki, huku akichangia kiasi kilekile ambacho mwajiri anaongezea cha kwake, kwa sababu hicho ni cha bure.

Kitu kingine kwenye mwaka mbaya: usidhani mifuko hii miwili kila mara hupingana kama mizani. Mwaka 2008 hisa za Marekani zilianguka kwa asilimia 37 na hatifungani za serikali zikapanda, kwa sababu hofu ilikuwa ya uchumi kuporomoka, Benki Kuu ikashusha riba hadi karibu na sifuri na watu wakakimbilia kwa serikali. Mwaka 2022 adui alikuwa mfumuko wa bei, uliofika asilimia 9.1 mwezi Juni, na Benki Kuu ikapandisha riba kwa kasi kuanzia Machi. Riba ikipanda inaikandamiza hatifungani, na inaikandamiza pia hisa ya ukuaji, maana faida ya kesho inapungua thamani mtu akiweza kupata riba nzuri leo. Vyote vikazama pamoja. Kwa hiyo mfuko wa hatifungani ni ngao dhidi ya mdororo wa uchumi. Dhidi ya bei za vitu kupanda ni ngao mbovu.

Mzee ana miaka 61 na anataka kupumzika akiwa na 64. Tulihesabu atakachokitoa katika miaka yake miwili ya kwanza bila kazi, hicho tukakitenga kwa mfuko wa serikali wa muda mfupi. Kitakachofuata kwa miaka mitano au sita kikaenda wa muda wa kati. Kilichobaki, ambacho hatakigusa kabla ya miaka 71, alikiacha kwenye hisa. Alikuja akitaka kuhamisha kila kitu kwa serikali kwa mkupuo, kama nilivyofanya mimi. Nadhani ni hadithi ya dola 9,000 iliyomzuia, kuliko hesabu.

Ada, kodi, na suala la riba

Ada ni rahisi: tafuta gharama ya mwaka kwa asilimia. Mifuko ya kufuata kipimo cha soko hutoza chini ya 0.1, wakati mwingine 0.04, yaani dola 4 kwa kila 10,000. Ukiona 1, hiyo ni dola 100 kila mwaka, upate faida usipate. Kwenye hatifungani ada inauma zaidi, kwa kuwa mfuko unaolipa asilimia 4 ukikatwa 1 umepoteza robo ya mapato yake.

Kodi, ndani ya 401(k) ya kawaida, hazitofautishi mifuko hii, utalipa ukitoa. Nje yake, riba ya hatifungani za serikali kuu haitozwi kodi ya mapato ya jimbo, na sisi wa Ohio tunayo kodi hiyo.

Mpwa wangu, ambaye anaswali kuliko mimi, aliuliza juu ya riba. Hatifungani ni riba tupu, hakuna namna ya kuizunguka kwa maneno, na wengi katika masheikh wetu hawaipitishi. Kuna mifuko ya hisa iliyochujwa kwa misingi ya sharia, kama Amana Growth, na kuna mifuko ya sukuk, hati za Kiislamu zinazolipa mapato ya mali badala ya riba, inayoshika nafasi ya hatifungani. Lakini hiyo haikuwa kwenye orodha ya kazini kwake, na si kila mwajiri anaruhusu kununua nje ya orodha. Hilo nilimwachia yeye na sheikh wake.

Dada yangu naye, aliyekuwa kwenye simu kutoka Tanga muda wote huo, akauliza kwa nini mtoto achukue asilimia 4 ya Marekani wakati Tanzania hatifungani za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya 12. Swali zuri. Jibu ni shilingi. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilipita 2,600. Kama pesa ni ya kujenga Tanga, matumizi yake ni ya shilingi, na hatifungani za nyumbani zina maana. Kama ni ya kulipia dawa Columbus akiwa na miaka 70, sarafu ya deni ifanane na sarafu ya matumizi.

Vitufe viwili

Mpwa alichagua asilimia 80 hisa za ukuaji na 20 hatifungani za muda wa kati. Kwa umri wake sina ugomvi, isipokuwa ule wa soko zima niliokwisha kuusema. Akaingia kwenye tovuti, akabonyeza, tukamaliza chai.

Wiki tatu baadaye akanitumia picha nyingine: pesa zake bado ziko kwenye mfuko wa awali ambao mwajiri humweka kila mgeni. Kwenye akaunti nyingi za aina hii kuna mahali pawili. Pa kwanza unabadilisha michango ijayo iende wapi. Pa pili unahamisha kile ambacho tayari kimo. Yeye alibonyeza cha kwanza tu. Vibonyeze vyote viwili, subiri siku chache, kisha fungua tena uone vipande vimeandikwa kwa majina uliyoyachagua. Na mara moja kwa mwaka, sisi tumepanga Jumamosi ya kwanza ya Januari, rudi uangalie kama 80 imekuwa 88, uirudishe.